Jiwe Lililolazwa Kifudifudi

Wanangu, Mwalimu wenu ameniletea karatasi za miongozo ya kozi, akaniomba nizisome na niongeze la kwangu kama ninalo. Nimezisoma zote, kwa miwani na bila miwani. Zimeandikwa vizuri. Ingia darasani kwenye mtandao angalau mara tatu kwa wiki. Jibu wenzako kwa adabu. Tuma kazi kabla ya Ijumaa saa kumi jioni. Ukija uwandani, njoo na kofia, viatu vya kufunika vidole na chupa ya maji. Sina ugomvi na hata moja. Ila hiyo ya Ijumaa saa kumi ndiyo iliyonifanya nichukue kalamu, kwa sababu mimi niliwahi kuitii kupita kiasi, na mama mmoja akampoteza mtoto wake mara ya pili.

Kazini waliniita Mama Stoo, na ninyi mnaruhusiwa. Sikusomea akiolojia. Nilikuwa mtunza stoo kwenye karakana moja ya umma pale Kizota, na nilijua kila bolti ilikolala. Ikaja miaka ya ubinafsishaji, karakana ikapata mwenyewe mpya, tukaitwa ofisini mmoja mmoja tukaambiwa asanteni. Nilikaa nyumbani mwaka mzima nikipanga vikombe kabatini kwa ukubwa. Mume wangu akasema, mwisho utatupanga na sisi. Ndipo nikasikia kuna chuo cha Dar es Salaam kinaanzisha kozi ya ajabu, nusu inasomwa kwenye kompyuta na nusu inachimbwa ardhini, na wanatafuta mtu wa kuandika rejista. Nilikwenda na daftari langu la stoo kwapani. Mwalimu Temba, aliyekuwa anaongoza kozi wakati huo, alilifungua, akatazama mwandiko, akanipa kazi kabla hajaniuliza nimesoma mpaka wapi.

Ninyi mna simu zinazofanya yote hayo mkiwa mmejilaza. Sisi tulikuwa na chumba kimoja cha kupanga, kompyuta nne na laini moja ya simu. Jirani yetu alikuwa fundi wa kuchomelea mageti. Akiwasha mashine yake umeme unapepesa, kompyuta zinazima, na picha uliyokuwa unaituma kwa dakika arobaini inaanza upya. Nikaenda kumbembeleza. Akaniambia, "Mama Stoo, mimi nina geti la watu, wewe una picha ya udongo." Tukaelewana: nikitaka kutuma picha namgongea ukuta mara tatu, naye anakwenda kunywa chai. Sidhani kama kuna mtu Kizota aliyewahi kunywa chai nyingi kama yule bwana. Vumbi la Dodoma mnalijua, basi kila kompyuta niliivika kanga.

Wanafunzi walikuwa watu wazima wenye kazi zao. Kulikuwa na mwalimu wa sekondari kutoka Mpwapwa, bwana shamba, askari magereza, na karani mmoja wa bungeni aitwaye Fatma, mzaliwa wa Pemba, aliyekuwa akija chumbani kwetu saa ya chakula cha mchana na sambusa zake mbili kwenye karatasi. Wengi hawakuwahi kuonana. Walijuana kwa waliyoandika kwenye ukurasa wa majadiliano. Kila wiki tuliweka picha kutoka shimoni, wao wakaandika wanachokiona. Ijumaa saa kumi kazi ya wiki inafungwa na picha ya wiki mpya inawekwa. Picha isipofika, watu thelathini wamekaa bure wiki nzima. Kwa miaka miwili haikuwahi kuchelewa hata mara moja, na nilijivunia hilo kuliko nilivyojivunia watoto wangu, Mungu anisamehe.

Uwandani aliyenifundisha kazi ni Mzee Yoramu, mchimbaji wetu mkongwe, Mgogo wa Kongwa, huko tulikokuwa tunachimba. Alikuwa fundi ujenzi kabla ya kuingia kwenye kazi hii, na alikuwa anacheka sana akiona msomi ameshika mwiko kwa ngumi. Mwiko hauchimbi, wanangu. Mwiko unakwangua, kama unavyokwangua ukoko wa ugali bila kuumiza sufuria. Alinifundisha kuandika kadi mbili kwa kila mfuko, moja ndani na moja nje, maana ya nje italiwa na jua na mikono ya watu. Alinifundisha pia kwamba rejista haifutwi. Ukikosea, kata mstari mmoja tu, neno la zamani lisomeke, andika sahihi pembeni na utie jina lako. Nikamwambia stoo tulikuwa na wino mweupe wa kufutia. Akasema, "Huo ni wa wezi."

Alikuwa mtu wa maneno machache, na neno lake kubwa lilikuwa "subiri". Neno hilo lilinikera kweli kweli. Mimi stoo nilizoea mtu akifika dirishani anapata kitu chake na anaondoka.

Mahali tulipochimba palikuwa mahame, ng'ambo ya Kongwa, mwendo wa saa moja kwa gari ukishaacha lami. Zamani watu waliishi pale kwenye matembe, zile nyumba za udongo zenye paa bapa. Operesheni ya vijiji ilipokuja wakahamishiwa karibu na barabara, na matembe yakaanguka yenyewe. Chini yake kulikuwa na mavi ya chuma, yaani yale makapi yanayobaki watu wanapoyeyusha chuma, ya watu wa kale zaidi, na hayo ndiyo tuliyoyafuata. Ndiyo, yanaitwa mavi ya chuma. Chekeni leo mmalize, maana mtayaandika mpaka mchoke.

Kabla ya kuchimba kuna fomu ya kujaza. Swali mojawapo linauliza kama eneo lina makaburi yanayojulikana. Tukaitiwa mkutano kijijini. Wanaume walikaa mbele kwenye viti na magogo, wanawake wachache walikaa chini nyuma, na wengi walikuwa kwenye bomba la maji. Niliuliza swali langu nikiwa nimetazama mbele. Mwenyekiti akawauliza wenzake kwa Kigogo, wakashauriana, wakanijibu kwa ukweli kabisa wa moyo wao: makaburi ya zamani yako mlimani, ya sasa yako kanisani, kule kwenye matembe hakuna. Nikaandika "Hakuna", kwa mwandiko mzuri sana. Mimi mwanamke, niliyezaa watano na kuzika mmoja, sikugeuza hata shingo.

Ijumaa ya wiki ya pili, asubuhi, Mwalimu Temba alikuwa ameitwa mjini kwenye kikao. Kwenye sakafu ya tembe moja, karibu na ukuta wa ndani, likatokea jiwe la kusagia. Lilikuwa zima, limelazwa kifudifudi, upande wa kusagia umetazama chini. Mzee Yoramu akaweka mwiko wake pembeni.

"Hili tuliache," akasema. "Tumsubiri Mwalimu."

"Mwalimu anarudi Jumatatu. Leo Ijumaa."

"Jumatatu siyo mbali."

"Mzee, watu thelathini wanangoja picha. Wakatazame nini, udongo?"

"Udongo una ubaya gani?"

"Kwani hilo jiwe lina nini?"

"Sijui," akasema. "Ndiyo maana nasema tusubiri."

Nilimwona mzee amechoka na anatafuta kivuli. Nikawaita wanafunzi wawili waliokuwa zamu ya uwandani wiki ile, wakalinyanyua. Chini yake kulikuwa na mifupa midogo, myembamba sana, imelala pamoja, na shanga chache nyeupe ambazo uzi wake ulikuwa umeshaoza. Mwanafunzi mmoja akasema ni mbuzi mchanga. Mifupa ya mbuzi tulishaiona mingi kwenye shimo lile, kwa hiyo sikubisha. Tukapiga picha, tukaitoa mifupa, nikaandika mstari wa arobaini na moja kwenye rejista: "Mifupa, mbuzi?" Alama ya kuuliza niliitia kwa heshima ya taaluma. Mzee Yoramu alikuwa amesimama mbali ametupa mgongo. Nikapanda gari mpaka Kizota, nikagonga ukuta mara tatu, na saa tisa na nusu picha ikawa imefika.

Wiki ile ukurasa ulichangamka. Watu wakaandika kuhusu karamu, kuhusu tambiko, kuhusu kwa nini mtu achinje mbuzi mchanga hivyo. Fatma peke yake aliuliza kitu kingine. Aliandika: "Jiwe limelala kifudifudi. Nani hulilaza jiwe la kusagia hivyo, na kwa nini?" Wenzake hawakumjibu. Mimi sikupenda swali likae bila jibu, kama nilivyokuwa sipendi rafu tupu stoo. Nikamjibu kwa neno moja: "Limetupwa."

Mwalimu Temba aliporudi Jumatatu alinikuta na shimo limekwanguliwa safi. Mifuko ilikuwa imeshaondoka Jumamosi na gari la chuo kwenda Dar es Salaam, kama kila wiki. Akaniuliza kama nina hakika na mbuzi. Nikasema nimeweka alama ya kuuliza. Akatikisa kichwa, akasema basi mtaalamu wa mifupa ataangalia.

Zamu ya Fatma kuja uwandani ilifika wiki ya nne. Sasa msikilize alichofanya, maana hakikuandikwa kwenye mwongozo wowote. Siku ya kwanza hakwenda shimoni. Alichukua ndoo akaenda kwenye bomba pamoja na wanawake wa kijiji. Walimcheka alivyobeba, maji yakamwagikia baibui lote, naye akacheka nao. Alirudi jioni amelowa, akanifuata kwenye turubai langu.

"Mama Stoo, jiwe la kusagia halitupwi," akasema. "Walipohamishwa kutoka huku waliyabeba kichwani, hata yenye ufa. Nimewauliza la kulazwa kifudifudi, wakanyamaza wote. Kisha mama mmoja akaniuliza jiwe lenyewe lilikuwa upande gani wa nyumba. Nilipomwambia akaacha ndoo yake pale pale, akaondoka."

Kesho yake asubuhi mama huyo akaja. Aliitwa Perisi, mwembamba, amejifunga kaniki, umri wake kama wa dada yangu mkubwa. Nikamwamkia, "Shikamoo mama," akaitikia bila kunitazama. Alivua ndala akaziacha nje ya kamba tulizozungushia shimo. Akatafuta kisiki cha nguzo, akakishika, akaanza kuhesabu hatua kwa sauti ndogo.

"Mlango ulikuwa huku," akasema. "Hapa moto. Hapa nilikuwa nalala." Akasimama ukingoni mwa shimo. "Jiwe langu mmeliweka wapi?"

Nikamwonyesha. Lilikuwa kwenye turubai pamoja na mengine, tumelipaka namba kwa rangi nyeupe. Akaipapasa ile namba kwa kidole.

"Na aliyekuwa chini yake?"

Hapo nilielewa. Nikasema, "Yuko chuoni, mama. Dar es Salaam."

"Amekwenda na nani?"

Nikamwambia amekwenda na gari.

"Mmemwandika nani?"

"Tumeandika mtoto," nikasema. Nilimdanganya macho makavu, na Mzee Yoramu alikuwa pale anasikia.

Perisi akakaa chini juu ya udongo tuliouchekecha. Alizungumza Kiswahili cha taratibu, kila neno akiliangalia kwanza. Alisema nyumbani kwao kichanga hakizikwi na wanaume wala hakipelekwi mlimani. Yeye na mama mkwe wake ndio waliomzika mtoto, ndani, karibu na alipolala mama, na baba wa mtoto hakuonyeshwa mahali. Wakamlazia jiwe kifudifudi ili mwanamke yeyote atakayeliona ajue asiliguse.

"Siku ya kuhamishwa walipakia vyungu, wakapakia na kuku," akasema. "Yeye ningemwambia nani? Mama mkwe alishakufa. Nikasema basi, jiwe lipo, litakaa naye. Miaka yote nikipita huku kuchanja kuni napatazama kwa mbali." Akainuka akajipangusa. "Sasa mrudisheni. Mvua zikianza nataka awe ndani."

Mawingu yalikuwa yameshaanza kukusanyika upande wa Mpwapwa. Kesho yake nikapanda basi na barua ya Mwalimu Temba kwenye pochi. Chuoni nikaikuta meza ndefu imejaa mifuko ya mifupa ya wanyama kutoka sehemu mbalimbali, imetengwa kwa ajili ya wanafunzi wa mwaka wa kwanza. Siku mbili baadaye ingemwagwa yote kwenye sinia, wafanye zoezi la kutenganisha mbuzi na kondoo. Mfuko wangu ulipelekwa pale kwa sababu ya neno nililoliandika mimi. Kadi za nje zilikuwa zimefutika, mifuko minne haikuwa na hata herufi. Nilifungua mmoja mmoja. Kwenye wa tatu nikaikuta kadi ya ndani, safi, mwandiko wangu, arobaini na moja. Ndiyo maana nawaambia kadi mbili, na anayewaambia moja inatosha msimsikilize.

Mtaalamu wa mifupa, binti wa rika la mwanangu aliyekuwa ndiyo kwanza ametoka likizo, akachungulia ndani ya mfuko akanitazama. "Mama, huyu siyo mbuzi," akasema taratibu. Nikamwambia najua.

Kwenye basi kondakta alitaka kuuweka mzigo juu kwenye keria. Nikakataa. Akasema basi buti. Nikamwambia, "Huyu anakaa na mimi," na sijui alichokiona usoni kwangu, lakini aliniacha. Nikampakata kutoka Dar mpaka Kongwa. Wa kwangu niliyemzika alikuwa wa tatu, aliishi siku tisa. Kaburi lake nimelijengea kwa saruji, nikitaka kwenda naenda. Nilikaa njia nzima nikifikiria kama angekuja mtu mwenye rejista akamnyanyua, akaandika harakaharaka, akawahi gari.

Tulimrudisha Jumamosi. Wanaume waliachwa kwenye gari, Mwalimu Temba na Mzee Yoramu na dereva. Tulikwenda wanawake saba, na Fatma. Kabla ya kumshusha, Perisi akaishika ile kadi iliyokuwa ndani ya mfuko. Hakujua kusoma. Akanipa.

"Soma."

Ningeweza kusema "mtoto" tena na hakuna ambaye angejua isipokuwa Fatma. Nikasema, "Mama, nilikudanganya. Niliandika mbuzi."

Mmoja wa wanawake akajishika mdomo. Perisi akanigeukia.

"Ulimwona kwa macho yako?"

"Nilimwona."

"Ukaandika mbuzi."

"Nilikuwa nawahi, mama."

"Ulikuwa unawahi wapi?"

Nilikuwa nawahi Ijumaa saa kumi. Jaribuni kumwambia hivyo mama aliyesimama mbele ya shimo la mwanawe, muone kama sauti itatoka. Mimi nililia, na yeye hakunibembeleza.

Hakusema amenisamehe, na sikumwomba. Walipomaliza kumlaza na zile shanga zake, akaninyooshea kidole kwenye jiwe. "Libebe wewe," akasema. Lilikuwa zito, na namba yetu tulikuwa tumeikwangua mpaka ikaisha. Nililibeba, nikapiga magoti, nikalilaza upande wa kusagia ukiwa chini. Akaniambia nilisogeze kidogo kushoto, kisha kidogo tena, mpaka likakaa alivyotaka. Mvua ilinyesha siku ya nne yake.

Siku ile ile, kabla hatujaondoka, nilifungua rejista juu ya boneti la gari. Nilimuuliza Perisi jina la mtoto. Akasema hakufikia kupewa jina, aliishi siku nne. Nikamuuliza, basi niandike nini. Akafikiri, akasema, "Andika wa Perisi." Nikakata mstari mmoja juu ya neno mbuzi, nikaandika pembeni, "Wa Perisi. Amerudishwa," nikatia jina langu lote. Mkono ulikuwa unatamani wino mweupe, siwafichi. Jumatatu picha ikaondolewa kwenye ukurasa, kwa sababu Perisi hakutaka mwanawe atazamwe, na chini ya swali la Fatma nikaandika kwamba jiwe halikutupwa, lililazwa na mama wa mtoto, na kwamba aliyejibu mwanzo hakuwa ameuliza mtu.

Wiki ya kwanza ya kozi yenu mtaonyeshwa ukurasa ule wa rejista. Huo ndio mchango wangu kwenye miongozo. Someni kwanza neno lililokatwa, ndipo msome lililo pembeni. Mkifika kijijini, salimieni, kaeni, na swali mliloliuliza mbele ya mkutano mkaliulize tena bombani. Na kama Ijumaa imefika na kuna mtu hamjamuuliza, msitume. Mwalimu wenu atawakata alama, namjua vizuri, maana nilianza kumwona akila sambusa chumbani Kizota, akiuliza swali ambalo hakuna aliyetaka kulijibu. Mwacheni Fatma akate alama zake. Ninyi cheleweni.